Mafunzo ya Usalama wa Kazi kwa Njia ya Simu: Tuuze Nini, Tusiuze Nini

Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Makuyuni, Korogwe



Nimeombwa nizungumzie swali lililoletwa na vyama kadhaa vya wakulima wa mkonge na wa mahindi, wa upande wa Korogwe na wa upande wa Handeni. Swali lenyewe ni hili: mafunzo ya usalama kazini, ambayo hadi sasa tunayatoa kwa kuwakusanya watu ukumbini, je, yaweza kugeuzwa kuwa masomo ya kujifunza kwa simu, na masomo hayo yakauzwa ili yaingizie ushirika wetu fedha?

Jibu langu ni kwamba yawezekana, na yafaa tuanze. Lakini katika mafunzo haya kuna kitu kinachouzika na kuna kitu kisichofaa kuuzwa. Chama kitakachovichanganya viwili hivyo kitapata fedha kidogo, kisha siku moja kitapoteza mkono wa mtu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mazungumzo yangu itakuwa juu ya kuvitenganisha.

Chama ni mwajiri

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huo unafaa kumfariji aliyekwisha kuumia, lakini haufai kuwa kanuni ya kazi. Ajali nyingi za mashine zina kinga, na kinga hiyo inajulikana tangu zamani. Kinachokosekana ni kuifundisha kwa kila mtu anayeikaribia mashine, pamoja na kibarua aliyeingia kazini asubuhi ya leo.

Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Kwa miaka mingi mtu wa Korogwe aliujua mkonge kama kazi ya shamba la mwingine. Siku hizi mkulima mdogo naye ana mkonge wake, na chama chake cha msingi ndicho kinachomsimamia katika kuvuna, kusindika na kuuza. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini yamekuja na mzigo ambao baadhi yetu hatujaupima: chama kinapowalipa watu ujira ili wakate majani, walishe mashine, wapige brashi au wafunge marobota, chama hicho kimekuwa mwajiri mbele ya sheria.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ndiyo iliyochukua nafasi ya Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hiyo inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake maelekezo na mafunzo ya kujikinga na hatari za kazi yao. Aidha, mwezi Juni mwaka 2022, Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliamua kwamba mazingira salama ya kazi ni miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Tunao pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo hulipa fidia, lakini haurudishi kidole.

Basi mafunzo si hisani ya chama kwa wafanyakazi, bali ni wajibu. Tatizo letu limekuwa gharama. Mkufunzi hutoka mbali, watu hulipwa nauli na chakula, kazi husimama siku mbili; na baada ya miezi sita nusu ya vibarua waliofundishwa wameondoka, wamekuja wapya ambao hawajasikia neno hata moja. Hapo ndipo simu inapoweza kutusaidia.

Kufundishana kwa mbali si jambo geni kwetu

Wako wanaosema kuwa mtu wa kijijini hawezi kujifunza bila kumwona mwalimu. Historia yetu ya ushirika inakataa. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika ili elimu isiishie madarasani mwa Moshi. Wanakamati na makatibu wa vyama walisoma kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakakaa katika vikundi vya kujisomea. Chuo hicho ndicho ambacho tangu mwaka 2014 kinaitwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Wazee wetu watakumbuka pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Na mjadala haukuishia kwenye maneno: watu walitoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu.

Tuichunguze kampeni ile, maana ina mafunzo matatu kwa kazi yetu ya leo. Kwanza, somo lilikuwa fupi, kwa Kiswahili chepesi. Pili, msikilizaji hakuachwa peke yake. Alikuwa na kikundi na kiongozi. Tatu, kila somo lilikuwa na kazi ya mikono iliyofuata. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Redio ilieleza, kikundi kikakubaliana, jembe likachimba. Anayetaka kufundisha usalama kwa simu na asahau lile jembe, huyo atakuwa ameacha theluthi muhimu kuliko zote.

Namna ya kuligawa somo

Mtu asidhani kuwa kugeuza mafunzo ni kumweka mkufunzi mbele ya kamera akahutubia saa tatu. Hakuna kibarua atakayemsikiliza, na picha ndefu humaliza fedha ya msikilizaji kabla ya kumfundisha. Inafaa kulichukua kila somo la ukumbini na kuligawa katika mafungu matatu: yale ya kujua, yale ya kuona, na yale ya kutenda.

Natoa mfano wa korona, yaani mtambo wa kusindika mkonge. Jina hilo tulikuwa nalo miaka mingi kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020. Ndani yake mna ngoma zenye visu zinazozunguka kwa kasi na kuliponda jani mpaka zibaki singa. Zile mashine ndogo za kulisha kwa mkono zina hatari zaidi, kwa kuwa mlishaji huliingiza jani, akalishika mwisho wake, kisha akalivuta nyuma. Mkono wake hupita karibu na visu mara nyingi mno kwa siku moja.

Sasa tufikirie kuwa mashine imekwama. Mazoea ya watu wengi ni kuingiza mkono upesi na kuchomoa singa zilizokwama ili kazi isichelewe. Kanuni ya usalama inadai hatua tano. Zima mashine. Kata nguvu kwenye swichi kuu, au zima injini kabisa kama ni ya dizeli. Funga swichi hiyo kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule yule atakayeingiza mkono, si kwa msimamizi wala si juu ya meza. Ngoja hadi ngoma zisimame kabisa, kwa maana huendelea kuzunguka baada ya nguvu kukatwa. Mwisho, jaribu kuwasha. Ikikataa kuwaka, zima tena, ndipo uguse.

Katika hatua hizo tano, sababu ya kila moja ni jambo la kujua. Laweza kuelezwa kwa sauti katika dakika tano. Mfuatano wake ni jambo la kuona, nalo laweza kuonyeshwa kwa picha za mnato au za video zilizopigwa kwenye mashine yetu wenyewe, si kwenye kiwanda cha ng'ambo kisichofanana na chetu. Hata maswali yaweza kuulizwa kwa simu. Kwa mfano: "Mashine imekwama, umeme umekatwa, lakini ngoma bado inazunguka polepole. Utafanya nini?" Anayejibu vibaya arudishiwe somo.

Lakini kuifunga kufuli yenyewe ni jambo la kutenda. Mtu aweza kupata maswali yote kumi, kisha akifika kwenye mashine, msimamizi anapiga kelele na mkonge umelundikana, mkono wake ukafuata mazoea ya zamani. Hilo halionekani kwenye simu. Huonekana kwa mtu kusimama kando ya mashine na kutazama. Kwa hiyo fungu la tatu halihamishiki. Libaki kuwa la ana kwa ana, ila sasa halichukui siku mbili. Lachukua nusu saa kwa kila mfanyakazi, pale pale anapofanya kazi.

Ugawaji huo huo watufaa katika masomo mengine. Mwiba wa ncha ya jani la mkonge unavyoumiza jicho, maji ya mkonge yanavyowasha ngozi, vumbi la chumba cha brashi linavyoathiri kifua: hayo ni ya kujua. Kuvaa miwani na kitambaa cha pua sawasawa ni jambo la kutenda. Kwa vyama vya mahindi, vidonge vya kufukizia ghala hutoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa, na gesi hiyo huua binadamu kama inavyoua mdudu. Kwamba mtu asilale ghalani wala katika chumba kinachopakana na shehena iliyofukizwa, hilo ni la kujua, na kila familia iliyo karibu na ghala ilijue. Kufukiza kwenyewe kusifundishwe kwa simu hata kidogo. Ni kazi ya mtu aliyeandaliwa na kuidhinishwa.

Huduma ya kwanza nayo ni vivyo hivyo. Tunaweza kueleza kwa sauti kuwa jeraha linalovuja damu nyingi libanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia; na kwamba kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi, kitiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, mfuko huo uwekwe juu ya barafu bila barafu kugusa nyama, kisha kipelekwe hospitali pamoja na mwenyewe. Lakini kubana sawasawa hujifunzwa kwa kubana.

Hesabu ya biashara

Sasa tuje kwenye fedha. Tarakimu nitakazotoa si za chama chochote. Ni mfano wa kutusaidia kufikiri. Kila chama kitie zake.

Tuseme mafunzo ya siku mbili kwa watu 30 yanagharimu shilingi 1,800,000, yaani shilingi 60,000 kwa kila mtu. Tuseme tena kuwa kuandaa masomo ya simu, pamoja na mkufunzi, mpiga picha, msomaji na mtengenezaji wa programu, kunagharimu shilingi 6,000,000 mara moja. Kisha kila mwanafunzi anagharimu shilingi 5,000 za huduma na shilingi 15,000 za kumpima kwenye mashine.

Wanafunzi wakiwa 100, kila mmoja atabeba shilingi 60,000 za maandalizi na shilingi 20,000 zake mwenyewe, jumla shilingi 80,000. Hiyo ni hasara kuliko mtindo wa zamani. Wakiwa 150, jumla ni shilingi 60,000, tumekuwa sawa. Wakiwa 300, inashuka hadi shilingi 40,000. Wakiwa 600, shilingi 30,000.

Hesabu hii yatufundisha jambo moja kubwa. Chama kimoja cha msingi chenye vibarua 40 hakiwezi kuifanya biashara hii peke yake, hata kikiwa na mwenyekiti hodari. Vyama vingi vikiungana vyaweza. Ndiyo maana ya kuwa na chama kikuu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti haba zote zitiwe katika kibaba kimoja.

Soko lipo pia nje ya vyama vyetu. Wako wenye mashamba makubwa, wenye mashine za kukoboa na kusaga, wenye maghala. Masomo mengi ya usalama yanayouzwa mtandaoni yameandikwa kwa Kiingereza, na kwa kazi za nchi nyingine. Ya kwetu yatakuwa kwa Kiswahili na kwa mashine zetu. Hata mashamba ya mkonge ya Kenya, kama ya Vipingo na Mwatate, yana wafanyakazi wanaozungumza Kiswahili. Ila wenzetu wana sheria yao ya mwaka 2007, kwa hiyo somo la sheria litabidi liandikwe upya kwa ajili yao.

Tuuze nini

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Tukisema tunauza video, tumekwisha kushindwa. Video ikishanunuliwa na mtu mmoja itapita kwenye simu za kijiji kizima kabla ya jua kutua. Twaweza kuajiri walinzi na kuweka nywila, lakini je, ni vema kweli kuzuia somo la kubana damu lisimfikie mtu kwa kuwa hajalipa? Ushirika usiofunzana si ushirika. Elimu kwa wanachama na kwa umma imo katika misingi saba ya ushirika duniani, na hata wale wa Rochdale walitenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu.

Pendekezo langu ni hili. Masomo yenyewe ya sauti na picha yaachwe yasambae bure. Yatakuwa tangazo letu, na huenda yakamwokoa mtu tusiyemjua. Tunachouza ni uthibitisho: kumwandikisha mwanafunzi, kufuatilia maendeleo yake, kumuuliza maswali, kumpima kwa macho kwenye mashine, kumpa hati yenye namba, na kutunza daftari ambalo mwajiri au mkaguzi aweza kulitazama. Video hunakiliwa, mkono uliopimwa haunakiliwi. Hicho ndicho ambacho mwajiri hawezi kukipata kwa kurushiwa na rafiki.

Kutokana na hayo yanafuata makatazo mawili. La kwanza, hati isitolewe kamwe kwa maswali ya simu peke yake. Najua kishawishi kitakuja. Mteja wa mbali atasema: nitumie hati, nitalipa mara mbili. Mtu mwingine atamjibia ndugu yake maswali. Siku tutakapouza hati ya namna hiyo, tutakuwa tumempa msimamizi ruhusa ya kumweka mbele ya visu mtu ambaye hakuna aliyemwona akifunga kufuli. La pili, mlipaji awe mwajiri, si kibarua. Si haki mtu atozwe fedha ili afundishwe namna ya kutokuumizwa na mashine ya mwingine.

Mambo ya kulinda

Yako mambo manne ambayo wajumbe hamna budi kuyasimamia.

Kwanza, kabla ya kuuza chochote, tupeleke mtaala wetu OSHA tupate maelekezo yao. Hati yetu ya mafunzo haiwezi kuchukua nafasi ya cheti kinachodaiwa na sheria, na hilo liandikwe wazi kwenye hati yenyewe.

Pili, mkataba na mkufunzi uandikwe mapema. Sauti, picha na maandishi vina mwenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tusipokubaliana tangu mwanzo nani mwenye mali, tutagombana baada ya mali kuzaa.

Tatu, majina, namba za simu na matokeo ya wanafunzi ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana kama inavyoyabana makampuni makubwa. Orodha ya wanafunzi isigeuzwe kuwa orodha ya kuuzia bidhaa.

Nne, tusiwasahau wenye simu ndogo za vibonyezo na wasiojua kusoma. Kila somo liwe na sauti yake, na kila chama kiwe na simu moja kubwa au luninga ofisini ambayo kikundi kitaizunguka kwa majuma kadhaa, kikiongozwa na mmoja wao. Masomo yapakuliwe mara moja penye mtandao mzuri, yachezwe mara nyingi bila gharama.

La kufanya sasa

Ndugu Wajumbe, nisiwachoshe. Naomba mrudi vyamani mwenu na kazi tatu. Mosi, hesabuni watu wote wanaofanya kazi chini ya chama, vibarua wakiwamo, mlete idadi kamili, ili tujue kama tunafika 150 au hatufiki. Pili, andikeni ajali zote mnazozikumbuka na zile zilizokaribia kutokea: mashine gani, saa ngapi, mtu alikuwa akifanya nini. Masomo yetu yatatungwa kutokana na orodha hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na viungo vya watu ni mali iliyo kubwa kuliko marobota. Tatu, mchague mtu mmoja katika kila chama, mtulivu na anayeheshimiwa, atakayeandaliwa kuwa mpimaji.

Na iko kazi ya nne ambayo haihitaji mtandao, wala mkopo, wala azimio la mkutano mkuu. Kila chama chenye mashine kinunue kufuli moja yenye ufunguo mmoja kwa ajili ya swichi yake kuu. Inunuliwe juma hili. Masomo ya simu yatakapokuwa tayari, yamkute mfanyakazi akiwa na kitu cha kufungia.